Kabla hujalipia chumba kisiwani, uliza mwezi ngapi

Haya ni maneno niliyoongea Jumapili kwenye kikao cha kikoba chetu hapa Makorora, Tanga. Nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni, maana wenzetu watano hawakufika walikua msibani Pongwe, na wengine wameniomba niwatumie ndugu zao ambao nao wanapanga kwenda kupumzika visiwani.

Assalamu alaykum jamani. Mama zangu shikamooni, shangazi zangu shikamooni, dada na wadogo zangu hamjambo. Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi, na nawaomba radhi wakubwa kwamba nasimama mimi mdogo kuongelea bahari mbele ya watu ambao waume zao na baba zao wameshinda baharini maisha yao yote. Ila hili jambo nina uchungu nalo, ndo maana nimeomba niongee kabla hatujatuma hela ya watu popote.

Tumeweka hisa mwaka mzima. Kuna mama hapa ndani anaamka saa tisa usiku kukoroga unga wa vitumbua, saa kumi na moja yuko barabarani na karai lake, mvua jua, ili mwisho wa mwaka na yeye akalale kisiwani siku tatu asipike asifue asiitwe na mtu. Hela ya namna hiyo haiendi kulipia chumba kwa kuangalia picha. Na juzi kwenye grupu letu la WhatsApp nimeona picha zinapita, hii ina bwawa, hii ina kitanda kimemwagiwa maua, hii baraza lake linaingia majini kabisa, na watu wanajibu hii hii hii, twende hii. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo hoteli iko upande gani wa kisiwa. Na hakuna aliyeuliza tutafika mwezi ngapi, na nikisema mwezi sisemi Desemba wala Januari, nasema huu mwezi wa juu mbinguni, umefikisha siku ya ngapi toka uandame.

Ngojeni niwaelezee kitu.

Mwaka 2013 mimi na kaka yangu tulimpeleka mama Unguja. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Jambiani, akaolewa huku Tanga akiwa msichana mdogo, hakurudi tena, kwahiyo mama toka utoto anasikia Jambiani, Jambiani, na hajawahi kukanyaga. Magoti yake yalishaanza kumsumbua, na alikua na hamu moja tu, akae ndani ya bahari ya kwao maji yamfike kiunoni. Ndo maneno yake yale, yamfike kiunoni. Basi tukachanga mimi na kaka, tukapata chumba kwa simu, tukaletewa picha, maji ya kijani yanagonga ngazi za baraza, tukalipa usiku tatu tukasema alhamdulillah. Baba tulimwambia tu tunampeleka mama kwao. Hakutuuliza kitu na sisi hatukumuuliza.

Tulifika usiku. Bahari tukawa tunaisikia tu. Asubuhi mama kaamka kabla yetu, kajifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, kakaa kwenye baraza anasubiri jua lipande kidogo. Saa mbili maji yanaondoka. Saa tatu yameshaenda. Saa nne hakuna bahari, mama zangu, pale mbele ni mchanga na majani na vidimbwi, na vijiti vya mashamba ya mwani vimepangwa mistari, na ule mwamba wa nje ambapo wimbi linavunjika uko mbali mpaka wale wanawake wanaolima mwani unawaona wadogo kama kidole. Kaka akasema tumshike mikono tumpeleke taratibu mpaka maji yalipo. Tukaenda kama hatua mia hivi, chini mawe yanachoma na wale wadudu wa miiba myeusi wamejaa kwenye mashimo, goti likagoma. Tukarudi. Mama akakaa chini ya mnazi, anachora mchanga na kidole, hakulalamika hata neno moja. Akasema, "Si neno wanangu, nimeiona."

Maji yalirudi, maana bahari hairudi nyuma ya ahadi yake, saa kumi alasiri yakawa yamejaa mpaka kwenye ngazi kama kwenye ile picha, ila upepo nao umeshakua mkali, wimbi linapiga ukuta linarudi na mchanga, mtu wa magoti humwingizi pale. Siku ya pili vilevile. Ya tatu asubuhi tukafunga mizigo.

Tukarudi Tanga. Baba tukamkuta pale Sahare anaziba nyavu, swali lake la kwanza, mama yenu ameoga? Kaka akamuelezea. Baba akaiweka sindano chini akauliza, mlikwenda mwezi ngapi? Tukahesabu, ilikua mwezi kumi na sita. Akatuangalia tu. Akasema, "Bamvua lile, na nyie mmelala upande wa nje. Mngeniuliza." Akaokota sindano akaendelea na nyavu. Alikua nyumbani siku zote tunazopanga ile safari, anakula na sisi, analala chumba cha pili, na hatukumuuliza.

Mwaka uliofuata nikapata kazi kulekule mashariki ya Unguja, risepsheni, nikakaa mpaka 2020 korona ilipofunga kila kitu. Kwa hiyo miaka sita nimekaa upande ule wa pili wa simu. Mimi ndo nilikua napokea wageni wanaofika wamechoka, wanaingia chumbani wanacheka, asubuhi wanakuja mezani kwangu wananiuliza bahari iko wapi. Wazungu kwa Waswahili, wote. Na jibu ni lilelile la baba.

Sasa nieleze bahari yenyewe, na mtanisahihisha nyie mliozaliwa Sahare na Mwambani. Kwenye pwani yetu hii, Tanga mpaka Unguja, siku za bamvua, yaani zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti kati ya maji yakijaa na yakipwa inafika kama mita 4, chukua mtu mzima akisimama kichwani kwa mwenzie na bado. Mita 4 za kushuka chini. Upande ambao pwani inashuka ghafla, maji yanashuka tu, unaongeza hatua chache umeyafikia. Ila upande ambao chini ni bapa, kama sinia, na mwamba uko nje kabisa, zile mita 4 za kushuka zinageuka kilomita ya kwenda mbali, sehemu nyingine na zaidi. Mashariki ya Unguja karibu yote ni sinia. Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Uroa, Chwaka, Bwejuu, Paje, Jambiani mpaka kukaribia Makunduchi. Kaskazini kule Kendwa, na Nungwi ule upande unaoangalia jua linapozama, pwani inashuka, unaoga saa yoyote unayotaka. Ndo maana vyumba vya kule vina bei, watu hawalipii godoro, wanalipia maji yasiyoondoka.

Ila kuna kitu ambacho matangazo hayasemi na sisi tunacho bure kabisa, nacho ni kalenda ya msikitini. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa kumi na tano, na zile siku mbili tatu zinazofuata, ndo bamvua. Na kwenye ukanda wetu bamvua lina saa zake, halibahatishi, maji yanapwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na yanajaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sasa hesabu mwenyewe, ukifika mwezi nane, tisa, kumi, au ile ya pili, ishirini na tatu, ishirini na nne, saa zimeshageuka, maji yanajaa saa nne asubuhi, jua halijawa kali, upepo wa mchana haujaamka, na ni maji mafu, hayajai sana na wala hayaendi mbali yakitoka. Chumba ni kilekile, kitanda kilekile, bei ileile, ila umefika kwenye bahari nyingine. Wiki moja tu ya tofauti. Mama yangu angeoga.

Upepo nao niuguse kidogo. Kusi linavuma Juni mpaka Septemba, kaskazi linaingia Desemba mpaka Machi, na zote mbili zinapiga upande wa mashariki, ndo maana wale wanaovutwa na tiara za upepo baharini wamejaa Paje, wanautafuta. Kwa mama anayetaka kuogelea taratibu, upepo huo unachosha, mchanga mpaka kwenye wali. Ila tusiusingizie kila kitu, kwasababu chumba cha mashariki chenye dirisha la kuangalia bahari huhitaji eisii, feni tu inatosha na usiku unavuta shuka, wakati chumba kilichojibanza nyuma huko, hewa haipiti, utalala na taulo mbichi kifuani. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei, bei zinashuka na hoteli nyingine zinafunga kabisa kufanya ukarabati, sisi hatuendi muda huo kwahiyo sikai hapo.

Sasa kuna wadogo zangu wamesema twende Kendwa, na nawaelewa, ni kuzuri kweli, mchanga kama unga wa sembe. Ila Kendwa kuna sherehe ya mwezi mpevu kila mwezi, muziki usiku kucha mpaka karibu na alfajiri, na humu tuna watu wazima ambao saa tatu usiku wameshamaliza kuswali wanataka kulala. Ukienda Kendwa ukiwa na mama zako, angalia kwanza mwezi uko wapi. Halafu kaskazini kule mapapasi ni wengi, ukikaa mchangani dakika tano wameshakuja wanne, wa boti, wa vinyago, wa pomboo, wa kukuchora hina, na sio watu wabaya, wanatafuta riziki kama sisi, ila aliyekuja kupumzika hapumziki.

Na kuna hili la stara, na nasema wazi maana wengi mnaliwaza hamlisemi. Sisi tunataka kuoga na madera yetu au na kanga, tucheke, tupige kelele, wazee wetu wavue ushungi, na tusiwe na watu wanatuangalia wala kutupiga picha. Hoteli kubwa zenye bwawa katikati ya mgahawa hazitatupa hiyo raha hata tukilipa mamilioni. Tutakaa tumejikunyata kwenye viti tunakunywa juisi. Mimi nimeona akina mama wa Kiswahili wengi wamekuja pale nilipokua nafanya kazi, wamelipa hela nzuri, na siku mbili nzima hawajagusa maji.

Kwahiyo mimi naomba tuangalie nyumba, sio hoteli. Nyumba nzima, yenye ua uliozungushiwa, yenye jiko. Jambiani na Paje zipo, Bwejuu zipo, Matemwe pia, kijiji na pwani viko pamoja, unatoka mlango wa nyuma uko dukani unanunua mkate, unatoka mlango wa mbele uko mchangani. Jambiani naipenda sio kwasababu ya bibi yangu tu. Ni kijiji kirefu kinachofuata pwani, watu wanaishi humo, watoto wanakwenda chuoni asubuhi na juzuu zao, na wanawake wa pale ndio pamoja na wa Paje walioanza kulima mwani wa kuuza mwaka 1989, mpaka leo wanashuka nao maji yakitoka. Kuna mtu hapa ana dada yake analima mwani huko Mkinga, akienda Jambiani atakua na cha kuongea na watu, hatakaa kama mgeni. Na ukitaka pweza hununui kwenye menyu, unasubiri wenyewe wanarudi kutoka mwambani unamchagua bado ana mchanga.

Ila nyumba ina maswali yake, na haya nayajua kwasababu nimeyajibu simu kwa simu miaka sita.

La kwanza maji. Mashariki ya Unguja sehemu nyingi maji ya kisima yana chumvi, unaoga bahari halafu unaoga tena chumvi, sabuni haitoi povu, mwenye vidonda analia. Uliza, maji ya bafuni ni matamu au ya chumvi, na akisema matamu muulize yanatoka wapi, ni ya bomba au analeta kwa gari. La pili umeme, kule wanatumia mita ya kununua kama luku yetu, wenyewe wanaita Tukuza, uliza nani ananunua, maana kuna watu wamekodi nyumba kwa bei nzuri, eisii tatu zinawaka, siku ya pili giza wanaambiwa nunueni. La tatu choo. Mama zangu nyie wenye magoti, choo cha kukaa au cha kuchuchumaa, na bafu lina kizingiti cha urefu gani? Hakuna tangazo litakalokuambia kizingiti. Mimi niliwahi kumuona bibi mmoja ameletwa na wajukuu zake, chumba kizuri, bafu limeshushwa ngazi tatu kwa urembo tu, na yule bibi siku zote nne alikua anashikwa mikono kwenda kujisitiri. Alikua ananiangalia akipita pale mezani kwangu, anaona aibu, na yeye sio mwenye kosa.

Halafu picha. Kila picha ya baraza la mashariki imepigwa maji yamejaa, na sio uongo, maji yanajaa kweli, ila imechaguliwa saa. Dawa yake ni hii, mpigie mwenye nyumba video koli siku ya mwezi kumi na sita, saa nne asubuhi, mwambie bila ugomvi, kaka naomba unigeuzie simu upande wa bahari. Hapo utaona ukweli wote, unaona maji yameenda wapi, unaona pale mbele ni mchanga au mawe, unaona kama kuna ujenzi jirani, unasikia na nyundo. Mwenye nyumba mwaminifu atageuza simu. Anayesema mtandao unasumbua, mpigie kesho. Akisema tena unasumbua, tafuta nyumba nyingine. Na hela ya kutanguliza isitumwe kwa namba ya mtu ambaye hujaona mlango wa nyumba yake, shoga yangu mmoja wa hapahapa Tanga alituma, amefika na watoto na mabegi, wenyeji wanamwambia hiyo nyumba ipo ila haikodishwi, kuna familia inaishi. Walilala kwa msamaria, Mungu amjalie yule mama kheri.

Kuna aliyeuliza Mji Mkongwe. Mji Mkongwe twendeni kutembea, tukale Forodhani jioni, tuone ile mitaa, umeingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000 na unastahili. Ila kulala, kwa kundi letu hili, hapana. Zile nyumba za zamani ngazi zake zimesimama wima kama za kupandia dari, ghorofa tatu nne hakuna lifti, gari haliingii uchochoroni kwahiyo mabegi mnabeba, na pwani ya kuoga kwa nafasi hakuna. Kijana mwenye miguu yake, usiku mmoja, sawa, tena aombe chumba cha juu apate upepo. Ila akienda Februari kipindi cha Sauti za Busara atafute mapema sana, mji unajaa.

Na Pemba. Hili limenigusa, shangazi alivyosema mbona hatuisemi Pemba wakati iko mbele yetu. Kweli kabisa shangazi, ukisimama Raskazone ukanyoosha mkono mashariki moja kwa moja unaielekea Wete. Ni jirani kuliko Unguja. Na Pemba ni kuzuri, ni kijani, milima na mabonde, karafuu zikianikwa harufu inakupokea barabarani. Ila Pemba kulala mjini sio kulala pwani. Wete, Chake Chake, Mkoani, gesti zipo na bei zake za kibinadamu, lakini pwani ya karibu ni mikoko na vijito, maji ya kuoga yako mbali, mpaka Vumawimbi huko kaskazini ng'ambo ya msitu wa Ngezi, au uchukue boti uende Misali ushinde urudi. Kwahiyo anayekwenda Pemba alale Wete au Chake akijua kabisa kwamba kila siku ya kuoga ni siku ya safari, aweke gari kwenye bajeti, asije akalaumu gesti. Kwa wapenda utulivu mimi nasema Pemba mwakani, kundi dogo.

Mafia siiongelei sana, kwetu Tanga ni safari ndefu, ushuke mpaka Dar uende Nyamisati ndo uvuke kwenda Kilindoni. Ila kwa faida ya watakaosoma, kule nako upande ni jambo. Wengi wanalipia Utende kwasababu ya majina makubwa ya hoteli, Utende iko ndani ya hifadhi ya bahari na kuna ada ya hifadhi, na kwa anayependa matumbawe na kisiwa cha Chole ni sawa kabisa alale hapo. Lakini aliyekwenda kumuona papa potwe, yule samaki mkubwa mpole mwenye madoadoa, wanaonekana zaidi upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, na akilala Kilindoni kwenyewe yuko mlangoni kwao.

Dada mmoja kauliza na Maziwe ya hapa Pangani, tusilale huko tukaokoa nauli? Mdogo wangu, Maziwe hakulaliki. Wazee wanakumbuka kulikua na mivinje pale na kasa wanataga, bahari ikala, miti ikaisha, leo ni fungu la mchanga na maji yakijaa sana linafunikwa. Unalala Pangani mjini au Ushongo, unakwenda asubuhi na boti maji yakitoka unarudi kabla hayajajaa. Tena Maziwe ndo mahali ambapo mambo yanageuka, kule bamvua ndo unalitaka, fungu linakua kubwa. Tunaweza kufanya siku moja ya Jumapili, naiweka mezani.

Usafiri niuseme kwa kifupi, kwasababu unaingia kwenye chumba. Tukipanda meli, tusilipie usiku wa siku ileile ya kuondoka kwa masharti kwamba hela hairudi. Upepo ukichafuka meli inaahirishwa, na ikiahirishwa tusilazimishe, wala tusikimbilie chombo kidogo kilichojaa kwasababu tu chumba kimeshalipiwa. Kuna watu humu walipoteza ndugu Septemba 2011 kwenye Spice Islander iliyokua inakwenda Pemba, sihitaji kuongeza neno. Mwenye nyumba tumwambie toka mwanzo, sisi tunatoka Tanga, tunategemea bahari, tukichelewa siku moja utatusogezea? Akikubali hilo kwa maandishi mimi namuamini na mengine.

Basi pendekezo langu ni hili. Twende Jambiani, nyumba mbili zilizo jirani, zenye ua, usiku tatu, tuchukue mpishi mwanamke wa kijijini tumlipe vizuri atupikie siku mbili, siku moja wadogo zangu wenye haraka ya Kendwa wakodi gari wakashinde huko warudi jioni, na wanaotaka mji washuke na daladala ya 309 mpaka mjini waende Forodhani. Tusiende kati ya Krismasi na mwaka mpya, bei zinapanda kwa kila mtu. Mwanzoni mwa Desemba mvua za vuli zinakua zimeanza kupungua, au tusubiri Januari baada ya sikukuu ya Mapinduzi tarehe 12. Tarehe yenyewe sitaki tuichague kwa likizo ya mtu wala kwa ofa ya mtu. Ile kalenda ya msikiti pale ukutani, mwenyekiti, naomba ishushwe, tutafute mwezi nane unaangukia lini, tufike siku hiyo jioni, tuamke mwezi tisa saa nne asubuhi maji yako mlangoni.

Na majina, katibu, tuko ishirini na mbili kwenye daftari. Naomba umuongeze mama yangu, nauli yake na sehemu yake ya chumba naleta Jumapili ijayo. Chumba chake kiwe cha chini, bafu lisiwe na kizingiti.